Maswali ya Wasomaji: Mawe, Matope na Shoki za Gari Lako

Tangu masika yaanze barua za shoki zimezidi za injini, na nyingi zinatoka kwa watu wanaotoka mjini Mombasa kwenda Kinango, Bamba, Shimba Hills ama Tsavo na kurudi na matope mpaka kwa vioo. Ndo maana mwezi huu nimeziweka pamoja. Na nikisema shoki namaanisha shokomzoba yenyewe, lile bomba la mafuta lenye shafti inayoingia na kutoka, si springi, manake hizo mbili bado watu wanazichanganya sana.

*Salaam aleikum fundi. Mimi nabeba mizigo na Land Cruiser pikapu, Mariakani kwenda Bamba na siku zingine Kinango. Shoki za nyuma hazinikalii kabisa. Naweka mpya, miezi mitano sita naona mafuta yanachuruzika. Fundi wa kwanza aliniambia nimeuziwa feki, nikanunua za bei, mambo yakawa yale yale. Wa pili akakata tyubu ya tairi akaifunga shafti yote juu mpaka chini, akakaza na waya, akasema sasa jiwe halifiki tena. Hizo ndo zilikufa haraka kushinda zote. Nifanyeje? – Dereva, Mariakani*

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Pole, hizo ni pesa nyingi. Lakini umeniandikia jambo la maana sana bila kujua, pale uliposema zilizofungwa tyubu ndo zilikufa haraka. Jibu lako liko hapo.

Shoki inavofanya kazi ni hivi: ndani kuna pistoni yenye vitundu na vali ndogo, gari likiruka pistoni inasukuma mafuta yapite kwa vile vitundu kwa shida, na ile nguvu ya kuruka inageuka joto. Pistoni imeshikwa na shafti, shafti imepakwa kromu ngumu na kulainishwa mpaka inang'ara kama kioo, na pale inapotokea kwenye bomba kuna sili ya mpira yenye mdomo mwembamba. Huo mdomo kazi yake ni mbili tu, kuzuia mafuta yasitoke na kuzuia uchafu usiingie. Sasa jiwe likirushwa na tairi la mbele likaipiga shafti, si lazima ipinde, hata usione kitu kwa mbali, inatosha kromu ikibanduka kipande kadiri ya chembe ya mchanga. Kutoka hapo kila shafti ikipita kwa sili ile ncha inakwaruza mpira. Wewe hesabu mwenyewe. Ukienda kilomita 60 kwa saa unapita kama mita 17 kila sekunde, na yale makunyanzi ya barabara yakiwa yameachana kama mita moja basi shafti inaingia na kutoka mara 17 kwa sekunde moja, kwa dakika ni elfu moja. Sili gani ya mpira itavumilia kukwaruzwa mara elfu moja kwa dakika kutoka Mariakani mpaka Bamba?

Haya, tuje kwa tyubu. Fundi wako nia yake ilikuwa nzuri na kweli jiwe lilizuiwa. Lakini maji ya matope huingia popote, yanapenya pale juu kwenye waya, yanateremka mpaka kwa sili, halafu hayana pa kutokea kwa sababu chini nako kumekazwa. Maji yanakauka, udongo unabaki. Ule udongo umekaa umebana shafti na kila shafti ikicheza ni kama unaisugua na msasa. Mimi nshafungua shoki za namna hiyo, unakata tyubu unakuta mchanga mwekundu umegandamana kama simiti na kromu imechujuka duara zima. Jiwe lingepiga mahali pamoja, huo mchanga ulisugua kila mahali. Na joto pia, ile shoki inatakiwa ipigwe upepo ipoe na wewe umeivalisha sweta.

Kwa hivyo tofauti iko kati ya kukinga na kuziba. Kinga ni kitu kinachosimama mbele ya jiwe na kuacha kwengine wazi, tope liingie na litoke. Kwako wewe ningeanza mbali na shoki yenyewe, ningeanza na flepu za matairi ya mbele, zile pazia za mpira zinazoning'inia nyuma ya tairi, manake mawe yanayoua shoki za nyuma yanarushwa na matairi ya mbele na magari mengi ya mizigo flepu hizo zilikatika kitambo na hakuna aliyejali. Weka mpira mzito, upana ufunike tairi lote (ukiweka matairi mapana kuliko ya kiwandani basi flepu nayo ipanuke), iteremke vizuri lakini isifagie chini, la sivyo ukirudi rivasi juu ya jiwe itang'oka. Hiyo peke yake nimeona ikipunguza vidonda vya shafti kuliko kava yoyote ya dukani.

Alafu angalia shoki zako shafti iko wapi. Shoki nyingi za magari haya shafti iko upande wa juu na imefunikwa na mkebe wa chuma. Ukiwa nao, hakikisha haujabonyea ukagusa bomba. Ukiwa huna, ama shoki zako ni zile za shafti wazi, tengeneza nusu mkebe. Wengine wanapasua bomba la maji la plastiki nene katikati kwa urefu, nusu moja inatosha, unaielekeza mbele kule mawe yanakotoka, upande wa nyuma uache wazi na chini uache wazi. Ifungwe kwenye bomba la shoki kwa klipu za kukaza kama zile za paipu ya rejeta, si kwenye shafti, na kabla hujakaza pandisha gari na jeki, ushushe, upakie mzigo, uone kwamba shoki ikijifunga yote na ikifunguka yote ile nusu haigusi shafti wala haigongi mauntini ya juu, pale shoki inapofungwa kwa gari. Ukiruka hapo utakuwa umejitengenezea msasa mwengine.

La mwisho kwako ni tope bichi. Ukifika Bamba na matope usilale nayo. Ndoo moja ya maji, uimwagie shafti kabla tope halijakauka, kitambaa kibichi upitishe, basi, dakika mbili. Lishakauka usiligongegonge na bisibisi, nakuomba, lilowanishe kwanza lilainike lenyewe. Na ukifuata lori kwenye vumbi kaa nyuma mbali, unapofukuzana nalo unakula mawe yake na yako.

*Shikamoo fundi. Nina Prado, naishi Nyali, gari wiki nzima linatembea mjini tu, lakini shule zikifunga tunaenda Tsavo na watoto. Muuza spea amenishauri nivalishe shoki zile buti za mpira za mikunjo. Mume wangu anasema ni kupoteza pesa. Pia kawoshi ninapopeleka wananipulizia chini dizeli na oili ili chuma kisishike kutu, je inasaidia shoki? – Mama wa watoto watatu, Nyali*

Marahaba mwanangu. Nyinyi wawili mko sawa nusu nusu.

Hizo buti zinazojikunja kama akodioni ya taarab si kitu kibaya. Vumbi kavu la Tsavo, lile jekundu jepesi kama poda, zinalizuia vizuri, na jiwe dogo linadunda. Ubaya wake ni ule ule niliomwambia ndugu wa Mariakani, zikitoboka ama zikikazwa chini bila tundu la kutolea maji zinageuka mfuko wa tope. Na zinaficha. Shoki inavuja ndani ya buti miezi mitatu wewe hujui, siku unakuja kujua gari limeshaanza kuyumba. Kwa hivyo ukizinunua ziwe na matundu ya kupumulia chini, na kila ukirudi safari fundi azivute juu apanguse aangalie shafti. Ukijijua hutafanya hivyo basi usinunue, shafti wazi inayopanguswa ni bora kuliko buti isiyofunguliwa. Huo ndo msimamo wangu na nimekuwa nao miaka mingi.

Lakini kwa Nyali adui yako mkubwa zaidi huenda si jiwe la Tsavo, ni chumvi ya nyumbani. Upepo wa bahari unakuja na chumvi, unakaa kwa ile sehemu ya shafti iliyo nje, gari limesimama siku nyingi ama linatembea kwenye lami laini ambapo shafti inacheza kidogo tu pale pale katikati. Kwengine kwote chumvi inakula taratibu, vidoa vidogo vya kutu vinatokea kwenye kromu. Siku mnaingia Tsavo shafti inacheza urefu wake wote kwa mara ya kwanza baada ya miezi, na vile vidoa vyote vinapita kwenye sili. Mtasema barabara ya mbuga imeua shoki kumbe iliuliwa uani kwenu. Kila wiki mbili tatu mtu apitishe kitambaa chenye maji baridi ya mfereji, akaushe. Na hapo ulizia kawoshi wanatumia maji gani, manake visima vingi vya Mombasa maji yake ni ya chumvi chumvi, unaoshwa chumvi kwa chumvi. Kama ni ya kisima nenda na jerikeni yako moja ya maji matamu wasuuzie chini mwisho.

Dizeli na oili chafu waambie wasipulize. Mpira wa bushi, zile pete za kwenye ncha za shoki, unavimba ukalainika, na kile kinachobaki kinanata, ukifika tu rafu rodi vumbi lote linajipaka kwa shafti. Usipake grisi pia, kuna wanaoshauri hivyo na wanakosea kwa sababu ile ile. Shafti inatakiwa iwe safi na kavu, ile mafuta kidogo inayohitaji sili inaipa yenyewe kutoka ndani. Na yule kijana wa mashine ya presha asielekeze bomba moja kwa moja pale shafti inapoingilia, maji ya nguvu yanasukuma mchanga upite mdomo wa sili. Aoshe kwa pembeni, kwa mbali.

Mkirudi kutoka safari, kabla gari halijapoa baada ya barabara mbovu, mwambie mume wako asogeze mkono karibu na kila shoki, asishike kwa pupa inaweza kuunguza. Mbili za nyuma ziwe na joto linalofanana, mbili za mbele vivyo hivyo. Ile iliyo baridi wakati mwenzake ni ya moto haifanyi kazi, mafuta yamekwisha ama vali zimeenda.

*Fundi, shoki yangu ina unyevunyevu pale juu karibu na shafti na vumbi limejishika. Duka wanasema nibadilishe zote nne. Ni kweli? – Msomaji, Bamburi*

Si lazima. Unyevu mwembamba pale kwenye sili ni kawaida, shoki inatoa jasho. Pangusa kavu kabisa, uendeshe siku mbili tatu, angalia tena. Ukikuta vumbi kidogo tu limeshika, endelea nayo. Ukikuta mchirizi umeteremka kwenye bomba ama tone limening'inia chini, hiyo imeisha, badilisha na mwenzake wa upande wa pili, mbili si nne.

*Salaam. Mimi ni dereva wa watalii hapa Ukunda. Juzi nilipanda jiwe la tumbawe njia ya porini, likagonga shoki ya nyuma, bomba limebonyea kama nusu sentimita lakini halivuji. Mwenye gari anasema twende tu. Pia nataka kuweka bamba la chuma kukinga pale chini, mwengine ananiambia nichomelee. – Dereva, Ukunda*

Ndugu, kabla ya kwenda popote jua shoki yako ni ya aina gani. Kuna zenye mabomba mawili, moja ndani ya lingine, pistoni inatembea kwenye la ndani na katikati ni akiba ya mafuta, hizo zikibonyea kidogo nje zinaweza kuendelea kufanya kazi kama la ndani halijaguswa. Kuna zenye bomba moja tu, hizo pistoni inateleza kwenye ukuta huo huo unaouona, kwa hivyo ukibonyea pistoni inafika pale inakwama ama inakwaruza, na hazina msamaha. Soma boksi ama muulize aliyekuuzia. Kama ni ya bomba moja imebonyea sehemu ambayo pistoni inapita, itoe leo. Kuwa haivuji si dalili ya usalama. Inaweza kukwama ukiwa na wageni sita ndani na mauntini ikakatika.

Na tafadhali sana asije mtu akataka kuinyoosha kwa nyundo ama kwa moto. Zile za bomba moja ndani zina gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa kama ba 20 mpaka 30 (ba ni kipimo cha presha), tairi lako lina kama ba 2 na nusu, kwa hivyo ni kama mara nane mpaka kumi na mbili. Ukipasha moto chombo cha namna hiyo unajitafutia kilio.

Bamba la chini ni wazo zuri na kwa kazi yako nakuunga mkono, manake matumbawe yana makali kama wembe, na ukienda upande wa Tsavo West kule Shetani mawe ya lava ni yale yale makali. Lakini lifungwe kwa bolti kwenye breketi ya ekseli. Cheche za kuchomelea zikiruka zikatua kwa shafti zinaacha vipele vya chuma kwenye kromu, na joto linaunguza bushi. Kama ni lazima mtu achomelee kitu karibu na hapo, shoki itolewe kwanza, hata kama ni dakika tano. Chuma cha milimita 3 ama 4 kinatosha, kikunjwe mbele na nyuma kama omo la mashua ili gari lipande jiwe liteleze lisikwame, na pia ukirudi rivasi liteleze vile vile. Litobolewe matundu makubwa, tope lianguke. Bamba tambarare lisilo na tundu utalikuta limejaa udongo na majani makavu mpaka juu, na majani makavu karibu na egzosti hiyo ni hatari nyengine kabisa.

Asubuhi kabla hujapakia wageni inama uangalie vijiti. Tawi la mwiba likijikita kati ya shoki na springi linachimba kwa shafti siku nzima na wewe husikii kitu kwa kelele za barabara. Na vipande vya waya vya matairi yaliyopasuka, hivyo vinajizungusha kwa shafti vibaya sana.

*Niaje fundi, tunakodisha kwodi baiki hapa Diani, watu wanaziendesha ufuoni na porini. Tuvalishe shoki zile kava za kitambaa cha neoprini? – Vijana wa kwodi, Diani*

Porini sawa, ufuoni hapana. Kile kitambaa kinayashika maji ya bahari pale pale kwa shafti na springi mpaka kesho, na shoki za kwodi ziko wazi, kutu inakula mpaka springi. Siku ya ufuo zitembee wazi, jioni maji matamu kwa wingi katikati ya mizunguko ya springi ambako mchanga unajificha. Siku ya porini valisha, jioni vua, fua, anika. Msivalishe kitu kibichi.

*Fundi shikamoo, mimi najifunza kazi gereji ya Changamwe. Mwenye gari amerudi baada ya wiki tatu, shoki mpya ya mbele inavuja, analalamika sisi tumemwekea feki. Boksi lilikuwa la kweli nimeliona mimi mwenyewe. Hiyo barabara yake haina hata mawe. – Mwanafunzi, Changamwe*

Marahaba kijana wangu, na umeuliza swali ambalo mafundi wakubwa hawaulizi. Toa hiyo shoki, vuta shafti yote nje, pangusa, halafu pitisha ukucha wako taratibu kutoka juu mpaka chini, uizungushe upitishe tena. Ukucha ukikwama mahali, angalia hapo. Mimi nakuambia kabla hujaangalia, utaona alama za meno.

Wakati wa kufunga nati ya juu shafti inazunguka pamoja na nati, fundi ana haraka, anachukua praisi, yaani koleo ya meno, anabana shafti ili isizunguke. Nati inakaza, kazi imeisha, mteja ameondoka. Lakini praisi imeacha vidonda kwenye kromu vibaya kuliko jiwe lolote, na gari likiingia kwenye shimo la kwanza vile vidonda vinapita kwa sili. Mimi pia nilifanya hivyo nikiwa na umri wako, nilimharibia mzee mmoja wa Kisauni shoki mbili kwa siku moja, akanunua nyengine kwa pesa yake mwenyewe akidhani barabara ndo imeziua, na mimi sikujua mpaka zilipomharibikia tena nikaanza kutafuta sababu. Jambo hilo bado linaniuma.

Tazama ncha ya juu ya shafti, juu ya nyuzi za nati. Nyingi zimekatwa bapa pande mbili ama zina tundu la elenki, ule ufunguo wa pembe sita. Hapo ndo pa kushika, spana ndogo inashika ncha na spana nyengine inazungusha nati. Ukikuta haina, funga nati mbili pamoja zibanane juu uzishike hizo. Praisi isiguse sehemu inayong'ara hata ukiizungushia kitambaa, meno yanapita kitambaa. Ukiona alama hizo kwenye shoki ya huyo mteja mwonyeshe mkubwa wako kwanza, mkiwa wawili faragha, kisha mwekeeni nyengine bila kumtoza.